Umeme, Chumvi na Kimya: Safari Mbili za Mwaka 1968

Wanamaji wa pwani yetu walilijua jina la Suheli tangu zama za mitepe. Ni ile nyota kubwa ya upande wa kusini, ya pili kwa mwangaza katika nyota zote za usiku, na kwa manahodha wetu neno hilo lilikuwa pia na maana ya kusini kwenyewe. Katika Ghuba ya Uajemi mabaharia Waarabu waliupa jina hilo hilo upepo utokao pande hizo. Si ajabu basi kwamba kijana mmoja wa Kiingereza, Robin Knox-Johnston, aliyekuwa afisa katika meli za kampuni ya British India, zile zile zilizokuwa zikitia nanga Bombay, Mombasa, Unguja na Dar es Salaam, alipojengewa chombo chake cha mbao za msaji huko Bombay alikiita Suhaili. Chombo hicho kiling'oa nanga Bombay mwishoni mwa mwaka 1965, kikakata Bahari ya Hindi hadi Afrika ya Kusini, na mwaka 1967 kikawasili Uingereza.

Kabla ya mwaka wa pili kupita, chombo hicho kilikuwa baharini tena, safari hii kikiizunguka dunia. Katika makala haya nakusudia kuisimulia safari hiyo pamoja na nyingine iliyoanza miezi michache baada yake, nikizitazama zote mbili kupitia jambo moja ambalo kila aliyewahi kulala chomboni analijua: kuharibikiwa na umeme katikati ya maji. Vyombo vyote viwili viliharibikiwa. Kimoja kilirudi na mtu wake. Kingine kilikutwa kinaelea, tanga dogo limepandishwa, ndani hamna mtu. Tukiitafuta tofauti yao katika waya na betri hatutaipata yote.

Mwezi Machi 1968 gazeti la Sunday Times la London lilitangaza mashindano ya kuizunguka dunia kwa tanga. Masharti yake yalikuwa machache na mazito: mtu mmoja peke yake chomboni, asitie bandarini, asipokee msaada, chakula wala kifaa cha mtu, apite kusini mwa Rasi ya Tumaini Jema, kusini mwa Rasi Leeuwin ya Australia, na kusini mwa Rasi Horn, awe ameondoka kati ya tarehe 1 Juni na 31 Oktoba mwaka huo. Wa kwanza kurudi angepewa tufe la dhahabu, na atakayetumia siku chache zaidi angepewa pauni 5,000. Watu tisa waliondoka. Mmoja tu ndiye aliyemaliza.

Ili tuelewe uzito wa hitilafu ya umeme katika safari ya namna hiyo, ni lazima tukumbuke umeme ulikuwa na kazi gani chomboni wakati ule. Haukusukuma chombo, hiyo ilikuwa kazi ya upepo. Umeme ulikuwa na kazi tatu. Ya kwanza ni taa, ili meli kubwa zisimpande mtu usiku. Ya pili ni saa. Baharia aliyepima jua kwa vipimo vyake alihitaji wakati sahihi ili ajue yuko wapi mashariki au magharibi, na sekunde 4 za kosa humpoteza maili moja ya baharini akiwa katika ikweta. Saa huenda mbele au nyuma, hivyo akasikiliza redioni milio ya kuonyesha wakati ili airekebishe. Kazi ya tatu ni sauti: kwa umeme aliweza kuzungumza na nchi kavu, kueleza hali yake, na kusikia sauti ya mtu mwingine.

Adui wa kazi hizo tatu ni mmoja. Maji ya chumvi hupitisha umeme mahali usipotakiwa kupita, huila shaba ikageuka unga wa kijani, na hayakauki kikamilifu. Hata maji yakishapotea, chumvi hubaki juu ya waya ikivuta unyevu wa hewa. Kifaa kilicholowa maji ya mvua huanikwa na kupona. Kilicholowa maji ya bahari ni lazima kwanza kioshwe kwa maji matamu, na maji matamu katika safari ya miezi kumi ndiyo uhai wenyewe.

Knox-Johnston aliondoka Falmouth tarehe 14 Juni 1968. Suhaili kilikuwa na urefu wa futi 32 tu, kizito, kikongwe kwa umbo ingawa hakikuwa na umri. Haikupita miezi mitatu mtambo wake wa kupelekea sauti ukanyamaza. Aliweza kusikia dunia lakini dunia haikuweza kumsikia. Jenereta yake ndogo ya petroli nayo ilimtaabisha. Siku moja alipokuwa akiitengeneza magineto yake alihitaji kuliweka pengo la cheche kwa kipimo cha sehemu chache za elfu ya inchi, na kile kibati cha kupimia hakukiona. Akachukua kitabu. Akahesabu kwamba karatasi 200 zinatimiza unene wa inchi moja, hivyo kila karatasi ni sehemu 5 za elfu. Akalipima pengo kwa karatasi za kitabu, na jenereta ikawaka. Lehemu ilipomwishia alikusanya matone madogo yaliyo kwenye vitako vya balbu za akiba.

Hata betri zilimwadhibu. Katika bahari za kusini, chombo kikiyumba, alikuwa akipima nguvu ya tindikali ya betri ikamrukia jichoni. Jicho liliwaka, na kwa siku kadhaa hakujua kama litapona. Alifikiri kugeuza omo aelekee bandarini kwa daktari. Akakata shauri kuendelea, na jicho likapona. Hatusemi alifanya la hekima. Msomaji aamue mwenyewe. Tunachotaka kionekane ni kwamba kila hitilafu aliiandika katika batli yake kama ilivyokuwa, siku ilipotokea, bila kujipamba.

Mwezi Novemba alionana na watu karibu na ufukwe wa New Zealand. Baada ya hapo hakusikika kwa zaidi ya miezi minne. Huko kwao wengi walianza kuamini kwamba amezama. Mwanzoni mwa Aprili 1969, si mbali na visiwa vya Azores, aliiona meli ya mafuta, akachukua taa ya mkono na kuiashiria kwa mimweko: jina la chombo, na kwamba anarudi baada ya kuizunguka dunia bila kutia bandarini. Umeme kidogo uliobaki katika betri zake ulitosha kwa neno hilo moja la kweli. Tarehe 22 Aprili 1969, baada ya siku 312, akatia Falmouth.

Mwingine katika mashindano hayo, Mfaransa Bernard Moitessier, hakutaka kabisa redio ya kuzungumzia. Alipokuwa na neno la kupeleka aliliandika, akalitia kikoponi, akalirusha kwa manati juu ya sitaha ya meli inayopita. Mwezi Machi 1969, karibu na Cape Town, ndivyo alivyotangaza kwamba ameacha mashindano na anaendelea tena kuelekea Pasifiki. Mwezi Juni akafika Tahiti. Kimya chake kilikuwa cha hiari, na kila mtu alijua kwamba ni cha hiari.

Sasa tumtazame Donald Crowhurst, ambaye kati ya wote tisa ndiye aliyeujua umeme kama kazi yake. Alizaliwa Bara Hindi mwaka 1932, na alikuwa mhandisi. Kampuni yake ndogo, Electron Utilisation, ilitengeneza kifaa cha mkononi cha kumwezesha baharia kujua alipo kwa kusikiliza mawimbi ya redio za ufukweni. Biashara haikwenda. Akaona kwamba mashindano yatamwinua yeye na vifaa vyake, na mfadhili wake akakubali kugharimia chombo kipya, kwa mkataba uliosema kwamba mambo yakiharibika kampuni ya Crowhurst itakinunua chombo hicho. Nyumba aliyoishi na mkewe na watoto wanne aliiweka rehani. Hivyo kabla hata ya kuliona wimbi, mlango wa kurudi nyuma ulikwishafungwa.

Chombo chake, Teignmouth Electron, kilikuwa na urefu wa futi 40 na viwiliwili vitatu, kimoja kikubwa katikati na viwili vya kukiegemeza ubavuni. Msomaji wa visiwani afikirie ngalawa na matengo yake, aikuze, aifunike sitaha. Chombo cha aina hiyo kina mbio kubwa, lakini kikipinduka hakijiinui. Crowhurst alibuni dawa ya umeme: mfuko wa mpira kileleni mwa mlingoti, nyaya za kuhisi maji, na mtambo wa kufikiri ambao ungetambua kwamba chombo kinapinduka na kuujaza mfuko hewa. Nyaya zilitandazwa chombo kizima, za rangi nyingi, zikakusanyika chini ya kiti cha chumbani. Mwisho wake hapakuwa na mtambo wowote. Muda haukutosha kuutengeneza. Aliondoka Teignmouth tarehe 31 Oktoba 1968, siku ya mwisho iliyoruhusiwa, na mpira wa kuvutia maji kutoka vyumba vya chini ulisahauliwa nchi kavu.

Wiki mbili hazikupita. Kifuniko cha sakafu, pale nahodha anapokaa kushika usukani, kilivuja. Na chini ya kifuniko hicho ndipo ilipowekwa jenereta. Bahari iliingia na kuifunika. Tarehe 15 Novemba Crowhurst alikaa akaandika kurasa nyingi za hesabu ya hali yake, na hesabu hiyo ni ya mtu timamu. Aliorodhesha vifuniko vinavyovuja, skrubu zinazochomoka, maji yasiyoweza kufuliwa ila kwa ndoo. Akaona kwamba bila umeme hana redio, hana taa, hana milio ya wakati, wala hana ule mfuko wa kumwinua akipinduka. Akakadiria kwamba akiingia bahari za kusini kwa hali ile, uwezekano wa kunusurika ni nusu kwa nusu. Kila alichokiandika siku ile kilikuwa kweli.

Aliikausha jenereta, akaitengeneza, ikafanya kazi. Alikuwa fundi kweli. Akazungumza na watu wa nchi kavu kwa redio. Matatizo aliyataja, lakini neno la kujitoa halikumtoka. Hapa ndipo, kwa maoni yangu, safari yake ilipoamuliwa. Umeme ulikuwa umekwisharudi. Mdomo ulikuwa wazi, na masikio ya upande wa pili yalikuwa tayari. Lakini kusema "nimeshindwa" kulimaanisha mkataba, rehani, nyumba, na fedheha ya kurudi kwa umati ule ule uliomuaga wiki tatu nyuma.

Mwezi Desemba alianza kutunga safari ya uongo. Tarehe 10 alitangaza kwamba amekwenda maili 243 kwa siku moja, na magazeti yakashangilia. Mzee wa fani, Francis Chichester, alitia shaka, lakini shaka yake haikusikika katika kelele ile. Ukweli ni kwamba Crowhurst alikuwa Atlantiki, na hakutoka Atlantiki hata siku moja. Tatizo likawa hili: kituo cha redio kinachopokea sauti huweza kutambua kwa kiasi fulani inatoka pande gani, na mtu anayedai yuko Bahari ya Hindi hawezi kusikika vizuri kutoka pwani ya Brazili. Ilibidi anyamaze, na kimya kinahitaji sababu.

Tarehe 19 Januari 1969 alipeleka ujumbe kwamba yuko karibu na Kisiwa cha Gough, na kwamba amekiziba kifuniko cha jenereta, kwa hiyo atasikika pale itakapowezekana tu. Msomaji atakikumbuka kifuniko hicho. Ni kile kile cha Novemba. Uvujaji ambao ungemwokoa kama angeusema wote, na kuutoa kuwa sababu ya kurudi kwa heshima, sasa aliufanya pazia. Hakuna aliyeshuku, maana hakuna baharia asiyejua kwamba jenereta huharibika. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Yeye alikuwa mgonjwa wa ajabu: aliutaja ugonjwa wake hadharani ili afiche ugonjwa mwingine.

Alinyamaza hadi Aprili. Mwezi Machi, kiwiliwili kimoja kikiwa kimepasuka, alitia kwa siri katika mto mdogo wa Argentina akakitengeneza, kinyume cha masharti. Kisha akajitokeza tena hewani kana kwamba amekwisha ipita Rasi Horn. Kitu hicho kilimwangukia mtu mwingine. Nigel Tetley, afisa wa jeshi la majini, alikuwa kweli ameizunguka dunia kwa chombo cha aina ile ile ya viwiliwili vitatu, nacho kilikuwa kimechakaa. Aliposikia kwamba Crowhurst anamfuata kwa kasi, alikisukuma chombo chake kupita uwezo wake. Tarehe 21 Mei 1969, karibu na Azores, kilivunjika kikazama. Tetley aliingia katika boya la mpira, akaita msaada kwa redio, akaokolewa. Chombo kizima kilipotea kwa sababu ya kukimbizwa na safari ambayo haikuwapo.

Kuzama kwa Tetley kulimfunga Crowhurst. Alikuwa amekusudia kurudi nyuma ya Tetley, kwa heshima ya wastani, ambapo hakuna ambaye angeichunguza batli yake. Sasa tuzo ya mwendo ilikuwa yake, na washindi huchunguzwa. Katika siku hizo hizo mtambo wake wa redio ukafa, safari hii kwa kweli. Kwa siku nyingi za mwezi Juni, katika joto la bahari iliyotulia, alikaa katikati ya vipande vya redio na chuma cha kulehemu mkononi, akiujenga upya mtambo wake. Alifaulu kuufanya upeleke mkwaju wa Morse, lakini sauti yake mwenyewe, aliyotamani imfikie mkewe, haikupita. Ilikuwa kazi ya ufundi ya kupigiwa mfano. Hebu tufikiri: mtu aliyejifanya haharibikiwi na safari alipotaka kusema kwa sauti yake, kifaa kilikataa.

Kuanzia tarehe 24 Juni aliacha redio akashika kalamu. Katika siku nane aliandika maneno yapatayo 25,000 juu ya Mungu, wakati na akili, maandishi ya mtu ambaye nanga yake imekwisha katika. Maandishi ya mwisho ni ya tarehe 1 Julai 1969. Tarehe 10 Julai meli ya Picardy ilikikuta chombo kikiwa peke yake. Madaftari yalikuwamo, na humo ukweli wa mahali alipokuwa ulisomeka. Saa ya baharini haikuonekana, wala mwenyewe hakuonekana tena.

Ni rahisi kumhukumu, na wengi wamemhukumu. Mimi nasita. Fedheha tunaijua sisi watu wa visiwa. Tumeona watu wazima wakihama mji kwa deni dogo. Crowhurst alikuwa peke yake, na waliokuwa nchi kavu walimtaka awe shujaa, kila mmoja kwa faida yake. Knox-Johnston, aliyekuwa na haki zaidi ya kukasirika, hakukasirika. Akiwa ndiye pekee aliyemaliza, pauni 5,000 zilikuwa zake, naye akazitoa kwa mjane na watoto wa Crowhurst. Aliyekaa miezi bila sauti baharini alijua kimya kinaweza kumfanya mtu nini.

Mashindano hayo yalipofufuliwa mwaka 2018, kwa vyombo na vipimo vya mtindo wa zamani, kila chombo kilifungwa kifaa cha kuwaonyesha waandaaji mahali kilipo. Uongo wa Crowhurst hauwezekani tena. Hata wavuvi wetu leo hubeba simu mfukoni, na chombo kidogo huweza kuwa na kibao cha kuvuna umeme wa jua. Lakini chumvi ni ile ile. Betri zitalowa, waya zitaoza, na atakayekuwa baharini siku hiyo atalazimika kuchagua atasema nini kuhusu hitilafu yake, na kwa nani. Kifaa cha kuonyesha mahali kingewaambia watu wa Teignmouth mwaka 1968 kwamba chombo chao kiko Atlantiki. Kisingewaambia kwamba mtu aliyemo anaogopa kurudi nyumbani.

Teignmouth Electron kiliishia katika ufukwe wa Cayman Brac, kisiwa kidogo cha Karibi, kikaoza juani miaka na miaka huku wapitaji wakikibandua vipande. Suhaili kingali kizima, na bwana wake alikitengeneza upya kwa mikono yake mwenyewe hata baada ya kuwa mzee.